Mlango Kwanza

Mwamvua alikuwa anarudi Kasulu kutoka Kibondo, na masikio yake, kama kawaida, hayakusinzia. Kwenye kiti cha mbele yake walikaa wawili waliojuana humohumo kwenye basi: Claudine, mkulima wa maharage, na Omary, mwenye duka. Walikuwa wanabishania mlango wa mninga alioununua Claudine, ambao konda alikuwa ameufunga juu ya basi.

"Sasa mama, unanunua mlango na hata msingi hujachimba?" Omary aliuliza.

"Nyumba itakuja. Hela nikiziweka kwenye simu, kila mwenye shida anazinusa. Mlango nani atanikopa?"

Omary akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Basi niuzie mimi. Nakupa mara mbili ya bei uliyonunulia."

Mwamvua akaacha kutafuna karanga. Kwa bei hiyo, yeye angeng'oa hata wa kwake.

"Nikiuona kila asubuhi umeegemea jiko," Claudine alisema, "nitaona aibu kukaa bila kufyatua matofali. Hela zako zitanitia aibu hiyo?"

"Mara tatu!"

Basi likasimama Nyakitonto, kwao Claudine, konda akauteremsha mlango. Omary akashuka na Claudine, bado anambembeleza, wakausimamisha kando ya barabara, Claudine akiushikilia kwa nyuma. Dereva akapiga honi. Omary hakusikia, akaugonga ubao kwa vidole, kupima ugumu wake.

"Karibu, baba!" Claudine akaitikia kutoka upande wa pili. "Viatu acha hapo nje."