Historia ya Baba Yetu, Fundi Pimamaji, na Goti Lake la Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi, na nyote mlioacha shughuli zenu leo ili msimame nasi, familia imenikabidhi mimi, mke wa mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha ya Baba, kwa sababu nimeishi naye nyumba moja, wengine wakienda kazini mimi nilibaki naye nikilea, na mengi niliyaona kwa macho yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mikate, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yake alikuwa mwashi na mama yake alifua nguo za watu, na mwenyewe alipenda kusema kwamba alizaliwa kwenye harufu ya mkate akalelewa kwenye harufu ya saruji, ndiyo maana hakunenepa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kuimaliza mwaka 1975, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, lakini mwalimu wake alimpa kazi ya kupanga madawati kila Jumatatu kwa sababu hakuna aliyeyanyoosha kama yeye, na dada yake mkubwa, shangazi yetu aliye hapa, anakumbuka siku alipoyapanga yakafuatana na ukuta sawasawa, mstari haukupinda hata kidogo, ila mwalimu akakosa pa kupita kwenda ubaoni.

Hakuendelea na masomo, kwani baba yake alikuwa amefariki, na mwaka 1976 mjomba wake alimchukua kwenye kazi za ujenzi, akaanza kwa kukoroga zege na kubeba matofali, mpaka mwaka 1981 alipokabidhiwa mwiko na nyundo ya mpira na kuanza kutandika vigae, kazi aliyoifanya maisha yake yote, kwenye korido za hospitali, vyoo vya shule, jikoni kwa watu na mapokezi ya maofisi, akiwa amepiga magoti tangu asubuhi mpaka jioni, na mafundi wenzake walimpa jina la Pimamaji kwa kuwa kifaa kile cha kupimia usawa hakikutoka mfukoni mwake, hata kwenye harusi yangu alikiweka juu ya meza ya maharusi, akatazama kiputo cha hewa ndani ya maji yake kilivyosimama, akaomba kipande cha karatasi akakikunja na kukipachika chini ya mguu wa meza, ndipo akakaa kula.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na Mama, fundi cherehani, ambaye alikutana naye alipokwenda kutandika sakafu ya duka alikokuwa akishona, Mama akafika asubuhi akiwa na haraka zake, akakanyaga kigae ambacho gundi yake haijakauka, Baba akamfokea, na Mama akamjibu, "Basi kitoe ukiweke upya, si ndiyo kazi yako?" na wote wawili walikubali baadaye kwamba kigae kile hakikutolewa, kiko pale mpaka leo kimelala upande mmoja, na ndicho kigae pekee kibaya ambacho Baba hakukionea aibu. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mume wangu, fundi umeme, wa pili ni wifi yangu, mwalimu wa chekechea, na wa mwisho anasomea useremala, na wajukuu ni wawili, wote wangu, wa kwanza ni msichana aliyezaliwa Aprili 2015, na huyu wa pili ndiye mnayemsikia akinililia hapo nyuma.

Baba alikuwa mpole na alikuwa anacheka, lakini hakuwa mtu wa kusaidiwa, hilo mnalijua, mfuko wake wa vifaa hakuubebesha mtu, ukimshika mkono kwenye ngazi anautoa taratibu, akiumwa kichwa tunajua kwa kuona dirisha la chumbani limefungwa, na neno lake lilikuwa, "Acha, mimi mwenyewe," alilisema bila hasira, kama mtu anayekukaribisha kiti.

Jumamosi ya tarehe 13 Juni 2015, mafundi waliooa walicheza mpira na mafundi makapera kwenye uwanja wa shule, Baba akiwa na miaka hamsini na minne akakaa golini, akaruka upande wa kushoto, akatua mguu ukiwa umepinda, na goti likatoa sauti ambayo mume wangu anasema aliisikia akiwa katikati ya uwanja, lakini Baba alipobebwa jambo la kwanza kuuliza lilikuwa kama mpira umeingia, naye mpaka anakufa alishikilia kwamba aliupangua, na makapera wale, ambao sasa ni baba za watu na wamekaa pale upande wa kulia, wanashikilia kwamba uliingia. Ilikuwa ni kano ya ndani ya goti iliyokatika, na tarehe 28 Julai mwaka huo huo daktari alimpasua, akachukua uzi wa nyama ngumu kutoka kwenye paja lake mwenyewe na kuushona mahali pa ile iliyokatika, akatueleza kwa uvumilivu kwamba upasuaji ni mwanzo tu, goti likiachwa tuli litaganda, na fundi wa vigae asiyeweza kupiga magoti atabidi atafute kazi nyingine.

Kwenye gari Baba alimwambia Mama kwamba kazi nyingine haijui.

Hospitali ilituazima mashine ya kukunja goti, kitu kama kitanda kidogo cha chuma chenye mota, mguu unalazwa juu yake na kufungwa mikanda laini, nayo inaukunja na kuunyoosha polepole, yenyewe, mgonjwa asifanye lolote, na mkononi anapewa kitufe cha kuizimia akizidiwa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye nyumbani tulimwita dada wa mazoezi, alikuja kuifunga na kutuonyesha, akatuambia kwamba si uchawi, mazoezi ya kutia nguvu yatakuja baadaye, kwa sasa goti linatakiwa likumbuke njia yake, na kazi ya Baba ni moja tu, kulegea.

Hiyo ndiyo kazi iliyomshinda. Kwanza aliitazama mashine akaona imekaa upande, akamwita mwanawe wa mwisho amletee pimamaji na vipande vya vigae, akaiinua hapa, akaisogeza pale, mpaka ikalala sawa na ukuta na ukingo wa kitanda, kama anavyoanza sakafu yoyote, na siku zilizofuata mashine ilikwenda vizuri sana, ilipanda na kushuka bila kelele, sisi tukafurahi, ila goti lilibaki vilevile na likavimba. Dada wa mazoezi aliporudi alisimama mlangoni akaangalia kwa muda, hakumcheka, alichuchumaa akatuonyesha kwamba bawaba ya mashine inatakiwa ielekeane na goti, na kwa kuwa mguu wa Baba umetazama nje kidogo, mashine iliyofuata ukuta ilikuwa inakunja hewa na kulisukuma paja, akasema, "Baba yangu, ukuta hauumwi, aliyeumia ni goti, anzia hapo," Baba akacheka mpaka akakohoa, na Mama naye akasema kwamba miaka yote hiyo ameolewa na mtu anayefuata ukuta.

Mashine ikawekwa ilivyotakiwa, lakini bado kulikuwa na kile kitufe. Baba alikishika chini ya shuka, kila mguu ulipokaribia mahali penye maumivu, tena kabla maumivu hayajafika, alikibonyeza, mashine ikasimama, na tukiuliza alisema umeme unasumbua, mume wangu ambaye ni fundi umeme akazunguka nyumba nzima akikagua waya zisizo na kosa, na siku moja aliporudi sebuleni na bisibisi yake Mama alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kaa chini ule, huo umeme unao baba yako mfukoni." Hata mashine ilipotembea, Baba aliusaidia mguu, aliukaza, jasho likamtoka, alijikaza kisabuni kama mtu anayebeba mfuko wa saruji, dada wa mazoezi akampapasa paja akamwambia kwamba anashindana na mashine, na akishinda atakuwa ameshindwa. Alipotoka tulimsindikiza hadi barabarani, akatuambia ukweli, kwamba goti linaanza kuganda na muda uliobaki si mwingi, na Mama alirudi ndani akakaa kwenye cherehani bila kushona.

Baada ya hapo, mchana mmoja, Mama akiwa sokoni kununua nyuzi, mvua ilianza ghafla na nguo za mtoto zilikuwa zote kwenye kamba, mtoto alikuwa amelala mikononi mwangu na sikuwa na pa kumweka, nikaingia chumbani kwa Baba, mashine ikiwa inatembea, nikamwomba radhi, nikamlaza mjukuu wake kifuani nikakimbia nje. Niliporudi na nguo begani niliwakuta wote wawili wamesinzia, mikono miwili ya Baba iko juu ya mgongo wa mtoto, kitufe kimeangukia sakafuni, na mguu unakunjwa taratibu mpaka pale dada wa mazoezi alipopangia, pale ambapo haukuwahi kufika, kisha unanyooka, kisha unarudi tena, na uso wa Baba ulikuwa umetulia. Nilitaka kukiokota, nikiogopa asije akazidiwa, naye akafungua jicho moja akasema polepole asimwamshe mtoto, "Kiache hapo hapo, mama."

Tangu hapo kitufe nilikishika mimi, kwa agizo lake, akisema kwamba akikunja uso nisimwonee huruma, ila akimwita marehemu mama yake ndipo nizime, na alimwita mara chache. Mtoto alilala kifuani kwake kila mchana, nami niliketi kwenye kigoda nikikunja nguo, hatukuongea sana, lakini ni hapo aliponifundisha kuchanganya rangi za vigae, akaniuliza habari za mama yangu mzazi, akaniambia nisimwite mkwe bali Baba, na goti likapita pembe ya mraba, akaagiza skwea yake, kile kifaa cha kupimia kona, aipime mwenyewe, akairudisha, akageukia ukutani.

Mwezi wa Aprili 2016, baada ya mazoezi magumu ambayo dada wa mazoezi hakumpunguzia, Baba alirudi kazini, kazi ya kwanza ikawa darasa la chekechea la wifi yangu, akapiga magoti juu ya mto ambao Mama alimshonea, na kuanzia hapo vijana waliruhusiwa kumbebea mfuko, ukimshika mkono kwenye ngazi alikuachia, ila pimamaji ilibaki mfukoni mwake, alisema kila kitu kina mpaka.

Tarehe 5 Februari 2024 Baba alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi na maneno yakampotea, akalazwa mwezi mzima, kisha daktari akaturuhusu tumuuguze nyumbani. Dada wa mazoezi alikuja tena bila kuitwa, safari hii hakuleta mashine, alitufundisha kutumia mikono yetu, namna ya kushika kisigino na chini ya goti, kukunja, kunyoosha, kuzungusha bega, kufungua vidole kimoja kimoja, ili viungo visigande, na tukapeana zamu, mafundi nao wakaomba zamu yao, wakaja jioni wakitoka kazini, wananawa vumbi kwenye bomba la uani kabla ya kumgusa, na wale makapera wa zamani walimkunja goti huku wakimwambia kwamba sasa hawezi kubisha, mpira uliingia, naye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo akakataa kwa kidole cha mkono wa kushoto. Sisi tuliomjua tulijua ni kitu gani anatupa, maana katika miezi ile, mtu aliyekuwa akichomoa mkono wake ukimshika hakuuchomoa tena, ukikaa kitandani aliuweka mwenyewe kwenye mkono wako.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, zamu ilikuwa ya Mama. Alianza na mkono kama kawaida, akaja kwenye mguu, akawa anakunja goti na kumsimulia habari za mteja wake mmoja, na katikati ya maneno akahisi mguu hauna tena ule uzito mdogo wa mtu anayejiachia, ni uzito mwingine. Mama hakupiga kelele. Alimalizia kulikunja goti, akalinyoosha taratibu mpaka mwisho, akaulaza mguu wake, akaufunika shuka, ndipo akatuita.

Familia inamshukuru daktari aliyemshonea goti na madaktari na wauguzi waliomtunza mwaka huu, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimkalisha karibu na dirisha bila kuombwa, inamshukuru dada wa mazoezi, ambaye sisi si wagonjwa kwake tena bali ndugu, inawashukuru majirani waliotupikia tukasahau jiko letu, jirani wa mbele aliyeacha kupiga redio asubuhi ili Baba alale, na mafundi wote mlionawa mikono bombani kwetu kila jioni, sabuni yenu bado iko pale, msiache kupita. Na Mama, asante kwa kuturuhusu tumshike nawe.

Baba, umetuachia tukubebe wenyewe leo, na tumekubeba vizuri. Pumzika kwa amani.