Doa Jekundu Juu ya Mto Sukhona

Waombolezaji wenzangu, ndugu, majirani na nyinyi mliosafiri kwenye baridi hii kuja kumsindikiza mama yetu, familia imenipa mimi, mkwewe Yelizaveta, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitajitahidi sauti isikatike kabla sijafika mwisho.

Marehemu Kapitolina Prokhorovna Dolgushina alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 hapa hapa Totma, mtoto wa pekee wa Prokhor, aliyeuawa vitani kabla binti hajajua kumwita baba, na wa Agrafena, aliyemlea kwa mshahara wa kiwanda cha kitani na viazi vya bustanini. Alisoma hapa mjini toka mwaka 1948 hadi 1958, kisha akaenda Moscow kujifunza kutengeneza picha za kuchora zilizochakaa, kazi ya kisu kidogo, pamba na subira, na mwaka 1963 akarudi kuajiriwa kwenye jumba la sanaa la mji wetu, akastaafu mwaka 2006, ingawa hata baada ya hapo walimtumia gari kila rangi ilipoanza kubanduka mahali.

Tarehe 22 Agosti 1964 alifunga ndoa na mchoraji Innokenty Savvich, huyu mzee aliyekaa mbele yetu, wakajaliwa Glafira, yaani Glasha, tarehe 3 Mei 1966, na baadaye sana, mwaka 1979, mume wangu Rodion. Vuli ya mwaka 1973 baba alimchora Glasha amekaa dirishani na glovu nyekundu alizofumiwa na mama, ambazo alikataa kuzivua hata ndani ya nyumba, akisema, "Baba, mikono ndiyo inayosikia baridi, siyo mimi." Glasha alifariki tarehe 9 Desemba mwaka huo huo kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka saba.

Machi iliyofuata mama alirudi kutoka kazini akakuta mumewe ameifunika kwa rangi ile picha ya mtoto, na mahali pa Glasha pakawa na mto Sukhona umeganda, theluji tupu toka ukingo hadi ukingo. Baba alimwambia, "Lina, nisingeweza kupita mbele yake kila asubuhi," naye mama akaosha vyombo, na hakumsemesha hadi barafu ya mto ilipovunjika. Mchoro ule ndio huo mnaoujua wote, ulionunuliwa na jumba la sanaa ukachapwa kwenye kalenda, na ndio uliompa baba jina.

Mwaka 1981 mchoro uliletwa mezani kwa mama kutengenezwa, na kama walivyozoea watu wa kazi yao, wakaupeleka hospitali kupigwa eksirei ili kuona kilicho chini ya rangi, na kwenye ile filamu nyeusi mama akamwona mwanawe anamtazama. Mkuu wake, Raisa Gordeyevna, aliingia akamkuta ameshika kisu, tayari kuikwangua theluji, akamwambia, "Mwenzangu, mtoto ni wako, lakini theluji hii sasa ni ya watu wote. Na mumeo je, utamwachia nini?" Mama alilia sana, kisha akafungua sehemu ndogo tu, ya ukubwa wa kucha, pale zilipokuwa glovu, akaweka kisu chini.

Basi wataalamu wakaliona lile doa jekundu, mmoja akaandika kuwa ni moto wa wavuvi, mwingine kuwa ni mapambazuko ya taifa, na binti mmoja wa chuo akaliandikia tasnifu ya shahada, naye mama aliyasoma yote jikoni akacheka mpaka akalia, wala hakumsahihisha mtu. Baba naye kila Jumapili alikwenda kukaa mbele ya mchoro ule, nasi tukimtania, Rodion akimuuliza, "Mzee, hujachoka tu kujisifu?"

Mama aligundulika na saratani ya kongosho Septemba mwaka jana, na wiki yake ya mwisho alimuuliza mumewe kama aliwahi kuliona doa lile. Baba akamjibu, sisi tukisikia, "Lina, theluji ile niliipaka kwa mkono wangu, nyekundu haikuwepo. Nililiona Jumapili ya kwanza. Nikawa naenda kuangalia kama umeendelea, kama umemfikia usoni." Mama akasema, "Mimi nilikuwa nakuhurumia wewe." Zaidi ya miaka arobaini, ndugu zangu, kila mmoja akimngoja mwenzake, na mtoto yuko katikati yao. Alifariki tarehe 11 Januari 2024, saa sita mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, wafanyakazi wenzake waliokuja na Raisa Gordeyevna akitembelea fimbo, majirani waliokoka moto siku mbili kulainisha ardhi iliyoganda ili kaburi lichimbike, na kina mama waliopika chapati za maji za matanga.

Nenda, mama. Pumzika. Glasha amekungoja na glovu zake, na huko hakuna theluji ya kumfunika.