Sahihi ya Oda ya Halua

Kwenye tuktuk ya kutoka Buxton walinikalisha katikati, nikawa kama ukuta wa majirani. Kulia kwangu alikuwa Bi Afaf, apikaye halua Ndia Kuu. Kushoto, kijana wa afisi za bandari, Dancan. Hawakuwa wakijuana.

Bi Afaf alimnyoshea Dancan simu. “Oda ya harusi, sinia kumi, imekuja kwa mtandao. Nikipika ikawa ya uongo, samli yangu imekwenda. Nisipopika ikawa ya kweli, nimemwaibisha biharusi.”

“Mama, ina sahihi ya kidijitali,” Dancan akasema. “Ona alama ya kijani. Ingebadilishwa hata herufi moja njiani, ingekuwa nyekundu. Pika!”

“Sahihi naiona, mwanangu. Lakini aliyeagiza hakulalamika! Watu wa harusi huja kuonja, wakasema iliki imezidi, sukari haitoshi. Huyu kaagiza, kashukuru, basi. Ni mtu huyu?”

Dancan alicheka mpaka akaniegemea. Mimi kimoyomoyo nilikuwa upande wa Bi Afaf.

Bi Afaf akarekodi sauti, akaituma kwa walioagiza: “Oda nimeipata. Hebu nambieni, lozi niweke?”

Jibu lilifika tukiingia Ndia Kuu: sauti za wanawake watatu kwa pamoja, mmoja akitaka lozi, mmoja akizikataa, wa tatu akiuliza nani kaagiza bila yeye.

“Umeona? Sahihi ilikuwa ya kweli!” Dancan akashangilia.

“Sahihi gani? Hawa mashangazi ndio wa kweli!”

Tuktuk ilisimama. Bi Afaf akateremka mbio, akipaza sauti jikoni wawashe moto, na Dancan akabaki kunieleza mimi habari za alama ya kijani.