Nyumba Niliyoijenga kwa Mdomo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana mara ya mwisho niliposimama mbele yenu nilisema uongo, na leo nimekuja kusema kweli.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni fundi cherehani, yule wa kwenye kibaraza cha duka la vitenge hapa Mbinga mjini. Kwetu ni Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa na nyumba huko. Maji ya ziwa yalipopanda, yaliingia ndani yakakaa, na kuta za udongo zikaanguka. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Nikampeleka binti yangu Yustina, mwenye miaka saba, kwa dada yangu Mbaha, nikapanda huku juu na cherehani yangu. Nilimwahidi mtoto kwamba nikipata nyumba tu, nakuja kumchukua.

Ndugu zangu, sikupata! Kazi ilikuwa ya mkono kwenda kinywani. Mwenye duka akifunga na kwenda kwake, mimi nabaki palepale kibarazani, nalalia gunia la vipande vya vitambaa. Asubuhi nafagia, napiga pasi shati langu, na watu wanasema fundi huyu anawahi kazini. Ningechelewaje, na sikuwa nimeondoka!

Kila Jumapili nilimpigia Yustina simu. Hakuomba pipi wala gauni. Aliuliza, "Baba, umepata?" Namjibu, bado kidogo, mwanangu. Ikafika mahali nikawa naiogopa Jumapili. Nilikuwa nashona sare za watoto wa watu, nikifika kwenye ukosi mikono inasimama, najiuliza shingo ya mwanangu sasa ina ukubwa gani. Nilimtamani mtoto yule hadi chakula kikanishinda.

Na msaada ulikuwapo! Kamati ya huruma ya parokia yetu inawatafutia makazi wasio na pa kulala. Niliijua kuliko wengi wenu, kwa sababu nguo za msaada zilizochanika waliniletea mimi nizishone bure kwa ajili ya maskini. Nikazishona, mdomo nimeufunga. Fundi mzima niandikwe kwenye daftari la wasiojiweza? Kiburi, ndugu zangu, kilinilaza nje!

Sasa, jumuiya yetu inasali kila Alhamisi, nyumba hadi nyumba. Zamu yangu ilipofika, nikasema nyumba yangu inapigwa lipu, waniruke. Wakaniruka. Zamu ikarudi, nikasema lipu haijakauka. Lo! Mwenyekiti wetu, Mama Kandida, akafurahi kweli, akatangaza hapa kanisani kwamba fundi amejenga, Alhamisi tunakwenda kubariki nyumba mpya. Mkapiga makofi. Nami nikasimama, nikawashukuru!

Alhamisi ile alasiri wakanijia kibarazani zaidi ya ishirini, rozari mkononi, katekista na maji ya baraka, akina mama na sufuria la makande. Wakasema, haya fundi, tangulia. Nikatangulia! Niende wapi? Nikashika njia ya mlimani, wao nyuma wanaimba. Tukapita mashamba ya kahawa, tukapita ngolo za watu, mashimo yale ya mahindi na maharage. Kila nilipoona bati jipya, niliitamani nyumba ile mpaka machozi yakanitoka, na wao wakadhani nalia kwa furaha.

Njia ikaishia kwenye korongo. Mama Kandida, ambaye anaumwa magoti, akaja mbele akihema.

"Fundi, nyumba iko wapi?"

Nikapiga magoti. "Mama, sina nyumba. Nalala kibarazani. Mtoto wangu yuko Mbaha ananingoja."

Wimbo ukakatika. Mama Kandida alikasirika, sitawaficha. "Umenipandisha mlima wote huu kwa sababu ya aibu? Muda wote huo si ungelala hata jikoni kwangu!" Kisha akaketi kwenye nyasi, akalia. Katekista akasema tusali hapohapo. Tukasali, tukala makande pale juu ya korongo.

Ndugu zangu, Mungu aliniokoa pale, kabla ya tofali wala bati! Kesho yake kamati ikatuandika daftarini, mimi na Yustina. Parokia ikatoa kile chumba kilichobomoka paa nyuma ya shule, jumuiya ikaja kuezeka, na waliokuwa na hasira na mimi ndio waliobeba mbao nyingi.

Nikashuka Mbaha. Yustina alikuwa na miaka tisa. Aliniamkia shikamoo kama mgeni, akajificha nyuma ya shangazi yake. Iliniuma! Miaka miwili ile hairudi, na mpaka leo naitamani. Tulipofika nyumbani hakutoa nguo zake kwenye mfuko. Wiki ya kwanza, ya pili. Nikamuuliza sababu, akasema, "Nasubiri kujua tunahamia wapi." Nikaendelea kuomba. Juzi alirudi kutoka shuleni, akafungua ule mfuko mwenyewe, akatundika gauni lake ukutani kwenye msumari. Nilitoka nje nikamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani!

Asanteni, ndugu zangu, na mnisamehe. Na wewe uliyeketi hapa leo, ambaye hakuna anayejua unakolala, mtumaini Bwana, ukawaambie watu wake. Daftari liko kwa Mama Kandida. Kama unaona aibu kwenda peke yako, misa ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Huna haja ya kunieleza kitu. Nisalimie tu, twende wote.