Mgongaji Milango na Mtu wa Kumi na Nne

Kijiwe cha Maka kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe nyuma ya soko la mifugo la Garissa, ubavuni mwa ghala la unga. Kivuli cha ghala kilitanda hapo asubuhi, kikakaa hadi adhuhuri, kisha kikaondoka, na wateja wakaondoka nacho. Maka mwenyewe alikaa kwenye kigoda mbele yao, birika mkononi, chai ya maziwa ya ngamia imeiva kwa iliki na mdalasini, na ulimi wake umeiva kuliko chai. Pale watu walizungumza Kiswahili kwa sababu ya Yakub, fundi wa redio aliyetoka vijiji vya chini ya mto, na kwa sababu ya Kadar, kijana wa ukumbi wa video mtaani Waberi, ambaye aliwahi kukaa Nairobi miaka miwili na hakutaka mtu asahau. Wa tatu alikuwa Gelle, dalali wa ngamia, aliyeitwa Jaji kwa kuwa hakuna jambo aliloliacha lipite bila hukumu. Wa nne alikuwa Alio, karani, mtu wa maneno machache. Yeye walimwita Kalamu.

Asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na tano, Kalamu alikuja na daftari kwapani na uso wa mtu aliyelalia kokoto usiku kucha. Kwa wiki tatu shangazi yake Barwaqo alikuwa mgeni wake kutoka Bute, na kwa wiki tatu Alio alikuwa akiandika kila alichokumbuka yule mama: majina ya mababu kumi na watano, visima, miaka ya njaa na miaka ya mvua. Leo baada ya sala ya adhuhuri lori lingemrudisha Bute, na umri wake haukuwa wa kuahidiana safari nyingi. Daftari lilikuwa limekamilika, isipokuwa mstari mmoja. Shangazi alisema kwamba kule Bute, kabla ya kuhama, walikuwa watu kumi na wanne. Hapa wakafika kumi na watatu. Alio akamuuliza nani alifia njiani. Akajibu, hakuna aliyefia njiani. Basi Alio, ambaye hawezi kulala na hesabu isiyolingana, akajiambia kwamba mzee amechanganya, akachukua wembe, akakwangua, akaandika kumi na watatu juu na chini, Bute na Garissa. Jana alipomsomea, Barwaqo aliweka tasbihi pajani.

— Kuna jambo hujaniuliza, alisema.

Ni hilo tu alilosema. Alipombembeleza, akageukia ukutani akalala.

Kijiweni hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuuliza habari za daftari. Tangu mwanzo wa wiki palikuwa na neno moja tu: Mgongaji. Kadar alikuwa ameleta mfululizo wa kaseti tisa za video, kisa cha nchi ya milima na theluji, katika lugha ambayo hakuna mtu mjini aliyeijua. Yeye alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akawatafsiria watazamaji kwa kukisia na kwa ujasiri. Katika kila sehemu, mwanamke mwenye koti jeusi la manyoya alipita nyumba hadi nyumba, akagonga mlango, akaomba maji. Kila aliyemfukuza aliamka kesho yake hana sauti. Kaseti zilikuwa tisa kwa jina na nane kwenye sanduku, maana ya sita ilipotelea njiani. Na jana ya tisa ilikwisha bila kueleza yule mwanamke alitoka wapi.

— Mimi nimemkagua, alisema Gelle. Nimemtazama meno alipocheka sehemu ya tatu. Miaka arobaini, haizidi. Na mguu wa nyuma wa kushoto…

— Jaji, ana miguu miwili, alisema Maka.

— Basi huo wa kushoto. Anauvuta. Huyo ametembea mbali. Jini hachoki. Kwa hiyo si jini.

— Maze, Jaji! Kadar alipiga paja. Anaiba sauti za watu, na wewe unasema si jini?

— Jini gani hana hata mbuzi mmoja? Sehemu nane nimemfuata na macho yangu haya. Hana mnyama, hana chungu, hana mkeka. Anakula nini? Waliotengeneza hii kitu hawajui mambo. Mimi adui nikimwona hana mfugo, simwogopi. Namhurumia.

— Sikiliza, nikupe ukweli. Kadar alishusha sauti kana kwamba ghala lina masikio. Yule mwanamke na mkuu wa kijiji, yule wa ndevu na farasi mweupe, ni mtu mmoja. Mmewahi kuwaona pamoja?

— Sehemu ya nne, alisema Yakub. Mwanamke mlangoni, mzee ndani.

— Ulimwona mzee, ama uliona mgongo?

Yakub akafikiri.

— Mgongo.

— Mgongo ni wa mtu yeyote! Hata wako. Uso wangeuonyesha kwenye ya sita.

— Kila kitu kiko kwenye ya sita, alisema Maka akimimina. Hata mume wangu wa kwanza yuko kwenye ya sita.

Walicheka mpaka Yakub akamwaga chai. Alio naye alitabasamu, lakini kidole chake kilikuwa kimerudi kwenye ukurasa ule, mahali wembe ulipoacha karatasi nyembamba.

Yakub alifuta suruali, akachukua zamu yake. Alikuwa mtu wa taratibu. Nadharia zake huanza mbali kama mtu anayetafuta waya uliokatika.

— Sauti haipotei, ndugu zangu. Mimi nafungua redio kila siku, najua. Sauti huhama. Mnakumbuka lile sanduku la mbao mgongoni mwake? Mlidhani ni la nguo. Amewahi kubadilisha nguo?

— Hajawahi, walikubali.

— Haya. Sauti ziko mle. Nchi ile haina redio, hamkuona hata waya mmoja. Yule mama ndiye mtambo. Anakusanya sauti kijiji hadi kijiji, kisha sehemu ya sita anapanda mlima, anafungua sanduku, na nchi nzima inasikia taarifa ya habari.

— Na matangazo ya vifo, alisema Maka.

— Na matangazo ya vifo, Yakub alikubali bila kucheka.

— Buda, hiyo ni ndogo, alisema Kadar. Nilienda kambini Dadaab kutafuta betri za jenereta. Nimeona mama mmoja wa shirika, ana koti, ana sanduku, anapita hema hadi hema. Anabisha. Ukiwa haupo, kesho jina lako haliko kwa karatasi, na ukilia hakuna anayekusikia. Sasa niambieni, sauti yako imeenda wapi?

— Na huyo wa shirika huomba maji? aliuliza Maka.

— Yeye ana maji yake kwa chupa.

— Basi si yeye.

Kadar akanywea kidogo. Maka akaweka birika chini, jambo alilolifanya mara chache.

— Mimi sikuona hata sehemu moja. Ukumbi wako unanuka soksi, Kadar. Lakini nimewasikia tangu Jumatatu. Mwanamke ameomba maji nyumba ngapi?

— Ishirini na moja, alisema Alio. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. Kwa hesabu ya sehemu nilizoziona. Ya tatu na ya saba sikuziona, na ya sita haipo.

— Ishirini na moja, na hakuna aliyempa. Mimi pia ningewanyamazisha! Mtu anayemnyima msafiri maji, ile sauti yake ya nini? Mnamwita mwanamke adui. Adui ni wenye nyumba.

Kwa watu wa kijiwe kile, ambao kila mmoja ana mjomba au babu aliyekutwa kisimani na wageni akawapa zamu yake, neno la Maka lilikuwa gumu kulijibu.

— Hukumu yangu sasa, alisema Gelle.

— Ulishatoa, alisema Kadar.

— Ile ilikuwa ya mguu. Hii ni ya kesi nzima. Akanyoosha vidole kama anavyofanya sokoni akihesabu kundi linalopita. Sehemu ya pili, mwanzo kabisa, kabla jina la video halijaandikwa. Mnakumbuka? Msafara unateremka mlima kwenye theluji. Nyinyi mlikuwa mnagombania viti. Mimi nilihesabu, siwezi kuona wanyama nikaacha kuhesabu. Farasi saba. Watu sita. Farasi wa mwisho ana tandiko, ana blanketi limekunjwa vizuri, lakini juu hakuna mtu. Kwa nini umtandike farasi asiye na mtu?

Akakunja kidole cha saba.

— Walihama, alisema Gelle. Wakamwacha mtu. Farasi wake wakamchukua kwa kuwa farasi ni mali, yeye wakamwacha. Hakufa. Alibaki nyuma, basi. Sasa anafuata nyayo, mlango kwa mlango. Maji ni kisingizio. Anatafuta watu wake, anataka kujua kama kuna anayemkumbuka. Na wale wanamfukuza kwa kuwa wanamkumbuka vizuri sana.

— Jaji, unalia? aliuliza Kadar.

— Moshi wa jiko la Maka.

— Jiko limezimwa zamani, alisema Maka kwa upole.

Alio alikuwa amekaa wima. Farasi saba, watu sita. Kumi na wanne, kumi na watatu. Hakufa, alibaki. Neno dogo, na katika wiki tatu za maswali hakuwahi kulifikiria, maana katika ukoo wao, kama wote walivyokuwa wakisema, watu hawaachwi. Wazee walisema hivyo kwa sauti kubwa, naye aliliandika hilo pia, ukurasa wa nne, kwa wino.

Wakati huo Ugbad, mwanamke muuza maziwa anayetoka nje ya mji kila asubuhi, alifika na jerikeni mbili, akazitua kando ya Maka, akapangusa uso kwa ncha ya shuka. Alikuwa amesikia mwisho wa maneno tangu alipokuwa akikaribia, na huruma ilikuwa imemwingia. Katika Kiswahili chake, p wakati mwingine iligeuka b.

— Salaam aleykum. Huyo mama amebotea, mnamjua?

— Wa aleykum salaam, dada, alisema Kadar. Ni wa kwenye video. Tangu Jumatatu tunamtafutia asili.

— Sawa. Jina yake nani?

Kadar akamtazama Yakub, Yakub akamtazama Gelle.

— Mgongaji, alisema Kadar.

— Hiyo ni kazi yake. Mimi nauliza jina.

— Hawamtaji, alisema Kadar polepole. Nimetafsiri sehemu nane. Wanasema "yeye". Wanasema "yule". Farasi ana jina. Hata mbwa wa mkuu ana jina.

— Labda kwenye ya sita, alisema Yakub, lakini kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

Ugbad akatikisa kichwa, akaanza kumpimia Maka maziwa.

— Mmekaa hapa na mtu tangu Jumatatu, na hamjamuuliza jina. Bole yake.

Alio alikuwa amekwisha simama. Chai yake ilibaki nusu ukingoni mwa ubao, na Gelle, ambaye hawezi kuona mali isiyo na mwenyewe, aliichukua. Walimwona Kalamu akienda mbio, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, daftari likimpiga ubavuni.

Barwaqo alikuwa ameketi uani juu ya mzigo wake uliokwisha kufungwa: mkeka, mafuta, sukari, na kanga mbili za zawadi, zote za rangi moja. Alio alipiga magoti mbele yake, akasubiri pumzi irudi.

— Eeddo, shangazi yangu. Nilikuuliza nani alifia njiani. Sikukuuliza nani alibaki.

Yule mama aliweka tasbihi pajani.

— Endelea, alisema.

— Jina lake nani?

— Iftin. Akalitamka taratibu, kama mtu anayefungua fundo alilolifunga mwenyewe. Iftin, dada yangu mkubwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na saba. Siku ya kuhama akamwambia baba, ngamia wangu ana mimba, hafiki Garissa, nami simwachi. Baba akasema, anayebaki habaki katika hesabu yangu. Yeye akabaki. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa ndani ya nyumba, na baba yako alikuwa mdogo, akakua hajui. Mimi niliapishwa nisilitaje mpaka niulizwe. Mambo ya kuapishwa na watu wenye hasira ni hivyo. Nimekaa miaka zaidi ya sitini nikingoja mtu aulize.

— Alikufa lini?

Barwaqo akacheka, kicheko cha kweli, mpaka jino la dhahabu likaonekana.

— Afe? Kwa nini unadhani nilipofiwa na mume nilirudi Bute? Mlisema nimefuata malisho. Mimi nina ngamia? Wake ni thelathini, na wote wanatokana na yule mmoja.

Alio alizitazama zile kanga mbili za rangi moja, ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezinunua kwa kuagizwa, bila kuuliza kwa nini mbili. Akafungua daftari. Pale wembe ulipopita karatasi ilikuwa nyembamba mno kushika wino, basi akaandika pembezoni, kwa mkono wake mzuri: Bute walikuwa kumi na wanne. Akaandika jina, umri, na ngamia. Barwaqo akamwambia asome kwa sauti, akasoma. Akamwambia asome tena, akasoma tena.

Honi ya lori ililia kutoka barabara kuu. Barwaqo aliinuka, akajipangusa vumbi.

— Kila nikirudi, Iftin huniuliza kama kuna mtoto yeyote huku aliyemuulizia. Mimi humwambia, yuko Alio, anasoma sana, akimaliza atauliza.

— Eeddo, nilimaliza shule mwaka wa sabini na mbili.

— Ndiyo, alisema, akimpa ncha moja ya mzigo ashike. Umechelewa kidogo.