Mama Kijiko Anahesabu Mpaka Ishirini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wa kliniki yetu ya ngozi atarudisha ufunguo wa Chumba Namba Nne baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Jina lake la kwenye barua wanalifahamu wachache. Sisi wengine tunamwita Mama Kijiko, na hata matroni, ambaye majina ya utani hayapendi kabisa, aliwahi kuteleza akamwita hivyo mbele ya wageni.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike mimi kwa sababu dirisha langu la mapokezi limepakana na chumba chake. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba tu. Kwa miaka kumi na minane nimesikia kila neno alilowaambia wagonjwa wake, kwa hiyo nikikosea humu sina pa kujificha.

Alianza kazi wodini. Akapelekwa kliniki ya ngozi kwa wiki mbili, kumshikia nafasi mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi, na wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Alikuta wagonjwa wenye ngozi kavu yenye magamba wakikabidhiwa kopo la krimu ya dawa na kuambiwa wapake mara mbili kwa siku, basi. Baada ya mwezi walirudi vilevile. Yeye ndiye aliyepata wazo la kuwauliza wanapaka vipi, na majibu yakamtoa jasho. Mmoja alipaka saa nzima baada ya kuoga, ameshakauka kama karatasi. Mwingine alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Wa tatu alichota kwa vidole vilevile alivyotoka kukunia miguu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka na kopo bila somo. Oga maji ya uvuguvugu, si ya moto. Jifute kwa kugusagusa taulo, usijikaushe. Ngozi ikiwa bado na unyevu, chota kwa kijiko safi, weka krimu, kisha teremsha kiganja kufuata vinyweleo vinavyolala. Usisugue, unapaka ngozi, husugui sufuria. Halafu kaa mbali na jiko, maana nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi. Somo hilo ninaweza kulitoa usingizini.

Kijiko ndicho kilichompa jina. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na chake, kimefungwa uzi mwekundu ili nyumbani mtu asije akakorogea chai. Cha kwake kilining'inia kwenye msumari karibu na sinki. Daktari wetu mkuu wa zamani, mtu wa haraka, alikichukua siku moja bila kuangalia uzi na kukoroga chai yake. Alipoambiwa, alikuwa ameshakunywa nusu. Kwa aibu akamalizia na iliyobaki, na wiki nzima tulikuwa tunamwuliza kama koo limelainika.

Krimu ile inawasha kwenye ngozi iliyopasuka. Mama Kijiko hakuwadanganya watoto kwamba haiumi. Aliwaambia itawasha, tuhesabu pamoja mpaka ishirini, na tukifika ishirini itakuwa imetulia. Walianza kwa kulia, wakaendelea kwa kupiga kelele za namba, na huku nje kwenye mabenchi watu wazima wakawa wanawasaidia. Wageni waliokuja kukagua jengo walidhani tuna darasa la chekechea.

Miongoni mwa waliohesabu alikuwemo binti aliyeletwa na shangazi yake akiwa na miaka saba, amevalishwa soksi ndefu na mikono mirefu kwenye joto kali, kwa sababu wenzake shuleni walimwita samaki. Alikuja kwetu miaka tisa. Ugonjwa wake si wa kuisha, na Mama Kijiko alimwambia hivyo tangu mwanzo, lakini ngozi ililainika na binti akainua kichwa. Sasa ni fundi cherehani. Ndiye aliyeshona gauni ambalo mstaafu wetu atalivaa Ijumaa, na siku ya kuja kumpima, yeye mwenyewe alikuwa amevaa la mikono mifupi.

Sasa nimefika mahali ambapo wasifu wa namna hii hupita haraka. Mimi siwezi kupita.

Mama Kijiko alikuwa amebakiza miaka miwili. Alitaka kuimaliza, na alilisema hilo kila mwaka mpya ulipoingia. Anaondoka sasa kwa sababu ya mikono yake. Kati ya mgonjwa na mgonjwa alinawa kwa sabuni, mara hamsini au sitini kwa siku, wala hakujipaka chochote. Krimu ya wagonjwa ni ya wagonjwa, ndivyo alivyosema, na ile aliyokusudia kujinunulia aliisahau kila jioni. Mikono iliyowafundisha watu wote hawa ilikauka, ikatoa magamba, ikapasuka. Mwaka jana alianza kutembea na glovu hata koridoni. Alizivua tu alipokuwa anaandika. Nikadhani ni utaratibu mpya.

Februari nikaanza kuona alama za damu pembeni mwa kadi alizonirudishia. Ndogo tu, kama nukta ya kalamu. Nilizifuta kwa siku nne. Siku ya tano nikaenda kwa matroni. Nilijiambia kwamba nawafikiria wagonjwa, na kweli niliwafikiria. Lakini mlango wa Mama Kijiko ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, na sikuingia kumwuliza yeye kwanza. Daktari alimpima, akasema mikono ile haiwezi tena kazi ya maji na sabuni. Nafasi nyingine ikatafutwa, haikupatikana.

Nilikaa na jambo hilo miezi minne. Nilimsalimia kila asubuhi na macho yangu yakiwa kwenye kadi. Jumanne iliyopita nikabisha hodi Chumba Namba Nne, nikamweleza kwamba ni mimi. Alikuwa anapanga makopo kwenye rafu. Hakushtuka.

"Najua, mdogo wangu," alisema. "Kadi zilikuwa zinapita kwako tu. Nilikuwa nakungoja uniulize."

Nilikosa la kusema. Alilowesha mikono bombani, akaigusagusa kwa taulo, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kunielekeza kule msumarini. Daktari alikuwa amemwandikia krimu ileile, na mkono wake wa kulia haukuweza kukamata kijiko sawasawa. Nikachota. Miaka kumi na minane ya kusikiliza, na bado nikaanza kwa kusugua. Akaniambia taratibu, hiyo si sufuria.

Nikateremsha kiganja kufuata vinyweleo, kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni. Nyufa nyingi zilikuwa zimefunga, mbili bado. Nilipozifikia alifumba macho, akaanza kuhesabu. Kwenye kumi na moja sauti ilikatika na machozi yakamtoka, naye akayaacha yateremke kwa kuwa mikono ilikuwa na krimu. Nikaendelea mimi. Kumi na mbili, kumi na tatu. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi, bila kujua nani amekaa kwenye kiti leo, wakadakia kama kawaida yao na kutufikisha ishirini.

Mama, kliniki nzima inakushukuru kwa kila mgonjwa aliyetoka chumbani kwako akijua la kufanya. Kwa upande wangu, lile neno nililolikosa Jumanne naliandika hapa, mbele ya wote: nisamehe. Ilinipasa nikuulize wewe kwanza.

Jumatatu Chumba Namba Nne kitafunguliwa na mwingine. Msumari tutauacha, kijiko ni chako, nenda nacho. Pumzika vizuri, na mikono ipone. Jipake asubuhi na jioni, ngozi ikiwa bado na unyevu, na safari hii usisahau. Ikiwasha, anza kuhesabu. Ukikwama kwenye kumi na moja, nipigie simu.