Maisha ya Linet Kadii, Aliyesimama Mlangoni pa Maktaba

(Yameandikwa na mama yake, Sidi. Yanasomwa na mjomba wake, Mwaringa, nyumbani kwa marehemu, Tezo, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025.)

Linet Kadii Ngumbao, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1994 katika zahanati ya kijijini kwao, Ganze. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Simeon Ngumbao na mkewe, Sidi. Kwa desturi yetu Wagiriama, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, naye akapewa jina la nyanya yake, Hawe Kadii, ambaye yupo hapa mbele yenu. Tunaomba mlishike jina hilo.

Alianza shule ya msingi mwaka 2001. Alitembea kilomita nne kwenda na nne kurudi, na kiangazi kilipokaza alirudi na kidumu cha maji kichwani. Mwaka 2004, akiwa darasa la nne, aliumwa koo kwa wiki mbili. Koo likapoa. Kisha goti likavimba na kupoa, kikavimba kiwiko, kikapoa, kikavimba kifundo cha mguu. Watu walisema maumivu yanayohama hivyo yametumwa. Mama yake aliamini. Alimpeleka kwa mganga mara mbili. Hospitali hakumpeleka, maana nauli ilipopatikana mtoto alikuwa ameshaanza kuruka kamba na wenzake. Jambo hili limeandikwa hapa kwa sababu ndilo lililomuua, miaka ishirini na moja baadaye.

Alisoma sekondari kuanzia 2009 hadi 2012, kisha akaenda Mombasa kusomea ukutubi, akapata diploma yake mwaka 2015. Mei 2016 aliajiriwa katika maktaba ya umma, kwanza Malindi, na kuanzia 2020 mjini Kilifi.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuwafundisha wasomaji kutumia hifadhidata za utafiti, yaani maktaba iliyomo ndani ya kompyuta. Humo mna makala za madaktari, za wataalamu wa kilimo na za walimu wa vyuo vikuu, ambazo mtu akizitafuta peke yake huambiwa alipe, lakini akiwa maktaba husoma bure. Alipofika, kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa kama cherehani ya arusi. Wanafunzi walikuja na madaftari yao wenyewe, na wazee walikuja kusoma magazeti na kukaa kwenye feni. Linet akatoka nyuma ya meza, akasimama mlangoni, na kila aliyeingia akamwuliza, "Umekuja na swali gani leo?"

Mzee Hamad wa Malindi, mfanyabiashara mstaafu, ndiye aliyemjibu wa kwanza.

"Nimekuja kusoma gazeti, mwanangu. Maswali niliyaacha dukani."

"Haya, baba. Na macho unayaonaje?"

"Sasa wewe wanipima au waniazima kitabu?"

Siku hiyo alisomewa kuhusu mtoto wa jicho, na mwezi uliofuata akapasuliwa. Tangu hapo yeye ndiye aliyewavuta wenzake kwa mikono ya kanzu mpaka kwenye kompyuta.

Mumewe, Dedan, alimpata hivyo hivyo. Alikuja Malindi kutoka Tezo na muhogo uliooza ndani, ameufunga kwenye gazeti, akauweka juu ya meza ya maktaba. Linet alimtafutia makala ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, akamsomea kwa Kiswahili mpaka akaelewa kwa nini asipande tena vipando vya shamba lile. Akarudi mara ya pili na majani. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu. Alipoulizwa swali la leo ni lipi, alisema, "Leo si la muhogo." Walifunga ndoa kanisani, Kilifi, tarehe 15 Desemba 2018, na Septemba 2020 Mungu akawajalia binti, Zipporah.

Mwaka 2022 Linet alikwenda Ganze kumwona nyanya yake, akamkuta anahesabu kuku aliobakiwa nao. Mdondo, ugonjwa unaofagia kuku, ulikuwa umeingia kijijini. Aliporudi kazini alitafuta, akasoma kwamba kuku wa kienyeji wakitiwa tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu, mdondo hauwamalizi. Akanunua chanjo katika duka la dawa za mifugo, akaibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, akamfundisha Hawe Kadii kuwachanja mwenyewe. Msimu uliofuata kuku wa kijiji kizima walikufa. Wa Hawe Kadii hawakufa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba Hawe Kadii ni mchawi. Linet aliitisha mkutano mara mbili, awasomee majirani makala ile na kuwaonyesha chupa ya chanjo. Mara ya kwanza walikuja watu wanne. Mara ya pili hakuja mtu. Hata mama yake, ambaye alisimuliwa habari za tone lile tangu mwanzo, aliacha kula mayai ya nyumba ile kwa muda wa mwaka mzima. Anayaungama hayo mbele yenu.

Katika wasifu kama huu imezoeleka kuandika kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Linet hakuugua kwa muda mfupi. Alipokuwa na mimba ya Zipporah alishindwa kupumua akilala chali, na hospitalini wakaona kwamba vali ya moyo wake imekakamaa. Alisoma kila alichoweza kupata juu yake. Sikukuu ya Pasaka mwaka 2021 alimketisha mama yake jikoni.

"Mama, unakumbuka nilivyoumwa koo darasa la nne?"

"Nakumbuka."

"Ndio mwanzo wake. Koo lile lisipotibiwa, mwili hugeuka ukaupiga moyo wake wenyewe. Ndio maana viungo vilikuwa vikivimba kimoja kimoja."

Mama yake akauliza ni nani aliyeutuma.

"Hakuna aliyetuma. Ni kijidudu cha koo. Dawa yake ipo hata zahanati."

"Basi ni mimi."

"Hukujua, mama. Sasa umejua, kwa hiyo usinyamaze."

Alitumia dawa na kuhudhuria kliniki, akaendelea kusimama mlangoni, ingawa mwaka huu aliwekewa kiti. Alikuwa akisubiri kupasuliwa. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali mjini Kilifi, mumewe akiwa amemshika.

Tangu Jumapili mama yake amekuwa akisikia. Matangani, mfiwa akiinamisha kichwa watu hudhani amelala. Wamesema Hawe Kadii alianza na mwanawe, kisha kuku, sasa mjukuu. Mwanawe huyo, Simeon, baba yake Linet, alikufa kwa kisukari mwaka 2011, na wengi wenu mlimwona alivyokatwa mguu. Kuna aliyempelekea Hawe Kadii ujumbe kwamba kwa usalama wake asije kuzika. Tunajua katika kaunti yetu maneno ya namna hiyo yamewafikisha wazee wangapi kaburini. Alhamisi mama yake alipanda kwenda Ganze, akamkuta bibi huyu amefunga nguo zake kwenye leso, hajui aelekee wapi.

"Nikija wataniangalia mimi, waache jeneza," alisema.

"Waangalie. Utakaa ubavuni mwangu."

Ndipo alipo. Ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoshika una maandishi ya Linet mwenyewe, nusu ukurasa juu ya koo la watoto, aliyoyatafsiri ayabandike ukutani maktaba na hakuwahi kuyamaliza. Chini yake Dedan ameongeza habari za tone la kuku. Mwenye kutilia shaka asiulize vikaoni. Maktaba hufunguliwa Jumatatu, na anayetaka kusomewa atasomewa.

Linet ameacha mume, Dedan, binti, Zipporah, mwenye miaka mitano, mama, Sidi, mdogo wake, Katana, mjomba, Mwaringa, na nyanya aliyempa jina, Hawe Kadii, ambaye familia imemwomba atie udongo wa kwanza.

Mungu amlaze Kadii pema. Na Kadii aliyebaki, mwacheni naye apumzike, nyumbani kwake, na kuku wake, mpaka Mungu mwenyewe atakapomwita.